Dobi Aliyebaki Ameshika Shuka

Paa!

Ni mlio wa shuka bichi likikung'utwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili, wanalegeza kidogo, kisha wanalivuta kwa pamoja nalo linapasua hewa. Mdogo wa marehemu anasema ukimwuliza kaka yake alikuwa nani, mlio huo ndio unaomjia kwanza, kabla ya sura na kabla ya sauti. Tangu Jumanne haujamtoka masikioni. Mengine yote yamenyamaza.

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyoosha, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji la mtaa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa ghala na mama mfua nguo. Uchungu ulimshika mama yake akiwa na beseni mbele yake, naye akamaliza kusuuza kwanza. Miaka mingi baadaye, watu wakimtania kwa hilo, alikuwa akijibu: "Sasa ningeziacha na povu? Mtoto anajua njia ya kutoka. Nguo hazijui." Baada ya marehemu walizaliwa wawili wasiojaliwa kukua, kisha mwaka 1962 akazaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye yuko nasi hapa leo, mstari wa mbele.

Baba yao alifariki Juni 1968, kwa homa iliyoanza kama mafua. Tangu hapo beseni ndilo lililokuwa baba wa nyumba ile.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hakuwa mtoto wa fujo, ila aliwahi kuleta fujo bila kukusudia. Wakati wa mapumziko wenzake walikuwa wakirundika masweta yao chini wakakimbilia mpira. Siku moja waliporudi wakayakuta yamekunjwa yote, yamepangwa kwenye ngazi ya darasa, mikono ndani, kola juu. Kila mtoto alilijua sweta lake kwa namna lilivyotupwa, basi hakuna aliyelitambua la kwake. Wakagombana hadi kengele ikapigwa. Mwalimu mkuu akatoka.

"Nani kayakunja haya?"

Vidole vyote vikamwelekea mtoto mmoja.

Mwalimu mkuu alimtazama, akayatazama masweta. "Nimewahi kuadhibu watoto kwa kuchafua, kwa kuchana, kwa kuiba," alisema. "Kwa kukunja, sijui nianzie wapi. Nenda darasani."

Alimaliza darasa la saba akiwa amefaulu, na hapo ndipo penye siku ambayo familia hii imeisimulia kuliko siku nyingine yoyote. Waliokwisha kuisikia watuvumilie.

Mjomba wao, karani wa posta katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwa ameahidi kumchukua mmoja wa watoto wale wawili akamsomeshe. Mmoja tu. "Nyumba yangu ndogo," alimwambia dada yake, "na mke wangu hapendi kelele. Nitamchukua huyo aliyefaulu." Mama alikubali. Sanduku lilipangwa: mashati mawili, kaptula, suruali ndefu ya kwanza maishani mwa mtoto yule, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 8 Januari 1972, asubuhi. Mjomba alifika na gari la kukodi la kuwapeleka kituo cha basi. Uani, mama na mwanawe mkubwa walikuwa wakikamua shuka la nyumba ya wageni, lile pana la vitanda viwili. Aliyewahi kukamua shuka la namna hiyo anajua: mmoja anasokota kulia, mwenzake anasokota kushoto, na likishakaza kama kamba hakuna wa kuachia. Ukiachia linafyatuka, linaangukia mchangani, kazi inaanza upya.

Honi ikapigwa.

"Haya bwana, twende! Gari si la baba yangu hili!"

"Nakuja, mjomba."

"Unakuja lini? Achia hiyo takataka!"

Mtoto hakuachia. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye viwiko. Alimtazama mjomba, akamtazama mdogo wake wa miaka tisa, aliyekuwa amesimama kizingitini baada ya kunawa uso ili amuage kaka yake vizuri.

"Siwezi, mjomba. Nimeshika shuka."

"Mpe huyo mdogo wako ashike!"

"Huyu hana mikono ya kukamua. Mchukue yeye. Ameshanawa."

Dereva alicheka. Jirani aliyekuwa akichota maji naye akacheka. Mama hakucheka, naye pia alikuwa ameshika shuka. Mjomba alitazama saa yake, akasonya, akasema, "Mtoto ni mtoto, ilimradi asome," akambeba yule mdogo kwa kwapa moja na sanduku kwa mkono wa pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wanadhani mambo kama haya hukatwa kwa vikao. Hili lilikatwa wakati shuka likichuruzika.

Mdogo wake alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma akatazama kupitia kioo. Gari lilipofika kona, hakuwaona tena, ila alisikia. Paa!

Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, mtu asipoweza kufika mahali hasemi ana shughuli. Husema ameshika shuka.

Mama alikuwa akiisimulia siku hiyo kwa wageni wote, na kila alipoisimulia iliongezeka uzito. Mwanzoni ilikuwa hadithi ya mtoto mbishi. Baadaye ikawa hadithi ya kaka aliyemwachia mdogo wake nafasi. Mwisho ikawa hadithi ya kaka aliyejinyima maisha. Marehemu hakuwahi kuisimulia mwenyewe hata mara moja. Ikianza tu, alikuwa akikumbuka kwamba kuna nguo kambani.

Kule kwa mjomba, mdogo wake alisoma. Alilala kwenye ujia kati ya jikoni na sebule, mashati ya kaka yake yakimfika magotini. Mke wa mjomba hakuwa mkatili, alikuwa mkimya tu, na nyumba yake ilikuwa kimya kama yeye. Siku za kufua, mtoto alikuwa akiifunga pembe ya shuka kwenye kitasa cha mlango wa uani, anashika pembe nyingine, anavuta. Halikutoa mlio. Kitasa hakijui kulegeza. Lakini kila alipoulizwa hali, alituma salamu nyumbani kwamba ni mzima na anasoma vizuri, na hayo yalikuwa kweli.

Marehemu aliingia kazini hapo hapo uani. Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mwaka 1979 msimamizi wa chumba hicho alistaafu, na cheo akapewa yeye: tai, kalamu mfukoni, na kiti kirefu cha kukalia akiwatazama wenzake wakifanya kazi. Alikikalia kiti hicho mwezi mmoja. Jioni akirudi nyumbani alikuwa akikaa mlangoni anaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Una nini wewe?" mama yake alimwuliza.

"Imekuwa laini, mama."

"Si ndiyo raha yenyewe? Wenzio wanaililia."

"Labda. Ila jana nimempigia pasi shati mtu ndotoni, nikaamka nimefurahi."

Aliacha kazi mwisho wa mwezi. Wapo waliosema ana wazimu, wapo waliosema ni mtu wa kuogopa ngazi. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa bado sekondari, alipopata habari alijilaumu. Aliona: hata hiki amekikosa kwa sababu yangu. Angesoma, kiti kile kingekuwa kidogo kwake.

Kwa maana huo ndio mzigo aliokuwa nao mdogo wake, na tunausema leo kwa ridhaa yake. Aliishi kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Koti zuri, linamkaa, watu wanalisifu, lakini hawezi kuegemea ukuta kwa raha, maana akilichafua si lake. Alitaka kujua jambo moja tu kutoka kwa kaka yake: yale maisha aliyokuwa akiishi yeye, aliyachukua ya nani?

Mwaka 1980 marehemu alikodi chumba kimoja na ua nyuma ya mahakama, akaweka meza ya kupigia pasi aliyoivika blanketi, pasi mbili za mkaa, na chupa aliyoitoboa kizibo kwa msumari ili inyunyize maji. Hapo ndipo alipofanya kazi kwa miaka arobaini na mitatu iliyofuata. Jina la Nyoosha alilipata hapo. Kila mteja aliyeleta shida, iwe doa la chai au pindo lililojikunja, alijibiwa: "Lete, tutanyoosha." Jirani mmoja alikuja kulalamika kwamba mumewe siku hizi hakai nyumbani. Marehemu, bila kuinua uso kutoka kwenye kola, akamwambia, "Mlete, tutanyoosha." Mama yule alicheka njia nzima, akaenda kumwambia mumewe, mume akawaambia wenzake, jina likakaa.

Alikuwa na utaratibu wake wa alama, kama madobi wengi. Nguo ya kila nyumba ilishonwa uzi mdogo ndani ya kola au kiunoni: nyumba hii nyekundu mara mbili, ile kahawia mara mbili, ile nyingine kijani na nyeupe. Hakuandika popote. Mtu angeweza kusahau jina lake kabla marehemu hajausahau uzi wake. Ila Novemba 1982 alinunua uzi mwekundu wa bei rahisi, na uzi ule ukachuja kwenye maji ya moto, ukageuka kahawia. Ndivyo joho la hakimu lilivyopelekwa kwenye nyumba yenye harusi, na suti nyeupe ya bwana harusi ikapelekwa mahakamani.

Saa nne asubuhi msichana mmoja, mwalimu wa chekechea, aliingia dukani akihema, joho jeusi limemning'inia mkononi kama popo.

"Wewe dobi! Kaka yangu leo anaoa, hajaitwa kuhukumu watu!"

Marehemu alilitazama joho, akaiona alama, akaelewa kosa lake lote kwa mara moja. Angeweza kuomba radhi. Badala yake alisema, "Dada yangu, ndoa na hukumu havipishani sana. Tofauti ni kwamba hukumu ina rufaa."

Msichana alicheka kabla hajataka kucheka, na kwa kuwa alicheka akazidi kukasirika. "Suti iko wapi?"

Hapo hapo akaingia karani wa mahakama, kabeba kifurushi kwa mikono miwili. "Mheshimiwa anauliza," alisema, "hii nyeupe ahukumie au aolee?"

Harusi ilichelewa kidogo, kesi nazo zikachelewa. Msichana alirudi wiki iliyofuata na nguo zake mwenyewe, ambazo, kwa kukiri kwake, zilikuwa safi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Julai 1984. Na tangu lile joho, marehemu hakutumia uzi wowote bila kuuchemsha kwanza kwenye kopo, akiukagua kama daktari.

Baada ya ndoa mke wake alimwuliza: "Na nguo zetu, alama yake ipi?"

"Zetu hazina."

"Utazijuaje sasa?"

"Isiyo na alama ni yetu."

Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama yake marehemu, aliyekaa nao, alifariki Agosti 1989, na shuka la mwisho alilolalia alilikamua marehemu na mke wake, hapo hapo uani.

Mwaka 1996 mdogo wake, ambaye tayari alikuwa mpima ardhi mwenye ofisi yake, alimtumia kaka yake mashine ya kufulia. Kubwa, nyeupe, mlango wa kioo kama dirisha la meli. Marehemu alishukuru sana. Aliiweka kwenye kona, akaitandikia kitambaa cha mezani, akapanga juu yake makopo ya wanga na redio. Mdogo wake alipokuja kuwatembelea, aliikuta mashine inanguruma na kuzunguka. Alisogea akachungulia kwenye kioo. Ndani kulikuwa na soksi moja.

"Shemeji," alisema mke wa marehemu kutoka jikoni, "leo soksi imepata bahati. Tangu mwaka jana ilikuwa inasubiri foleni."

Walicheka wote watatu hadi machozi. Kisha mdogo mtu akatoka uani, akakaa kwenye jiwe la kufulia, na kaka yake alipomfuata akamwuliza kwa mara ya kwanza, kwa maneno yaliyonyooka:

"Kaka, siku ile ulibaki kwa ajili yangu?"

Marehemu alichukua pembe mbili za shuka lililokuwa kambani akamtupia pembe mbili nyingine. "Nimeshika shuka, bwana mdogo," alisema. "Usinisemeshe. Vuta."

Walivuta. Halikutoa mlio mzuri. Mkono wa mdogo ulikuwa haujui wakati wa kulegeza.

Alimwuliza tena mwaka 2004, kwenye sherehe ya miaka kumi ya ofisi yake. Alikuwa amesimama mbele ya watu akasema kwamba asingekuwa chochote kama si kaka yake aliyejinyima, na watu wote wakageuka kumtazama marehemu, naye akainamisha kichwa. Wakasema, tazama unyenyekevu huo. Baadaye nje, karibu na magari, mdogo akauliza lile swali lake. Marehemu alimrekebisha tai, akaipiga kofi kifuani. "Nani kakupigia pasi shati hili?" alisema. "Ana ugomvi nyumbani kwake." Basi.

Mapema mwaka 2022 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni moyo, umepanuka na umechoka. Alipiga pasi akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, kirefu kama kile cha hotelini, na mke wake anasema alikuwa akikitukana kiti hicho kila asubuhi kwa sauti ya chini. Binti yao wa mwisho aliacha kazi ya benki akaja kushika upande wa pili. Hakuna aliyemwita. Marehemu alipomwona ameingia uani amekunja mikono ya blauzi alisema tu, "Vua hiyo saa, itaingia maji."

Alilazwa hospitali tarehe 2 Oktoba 2023, wodi ya wanaume, kitanda kilicho karibu na dirisha. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia mashuka.

"Sista," alimwambia muuguzi, "hili limepigwa pasi na mtu aliyekuwa anakimbilia basi."

"Mzee, humu hatupigi pasi kabisa."

"Ndiyo maana watu hawaponi."

Mdogo wake alikuja na basi la siku nzima, lile lile alilopanda utotoni kwenda upande mwingine, akakaa kando ya kitanda. Walikuwa wazee wawili wanaotazama dirisha moja. Jumatatu tarehe 16 mchana, muuguzi alikuja kubadilisha matandiko akiwa peke yake, wakamsaidia marehemu kuhamia kwenye kiti, na mdogo mtu akashika upande wa pili wa shuka bila kuombwa. Lilikuwa kavu, jembamba, na nembo ya hospitali imefifia pembeni. Walilegeza, wakavuta. Paa. Mlio mdogo, lakini wenyewe. Marehemu, pale kitini, alifumbua macho.

Muuguzi alipoondoka, na marehemu akiwa amesharudishwa kitandani, mdogo wake alimwuliza kwa mara ya mwisho. Hakuuliza kama zamani. Alisema, "Kaka, mimi nimezeeka. Niambie tu. Siku ile ulibaki kwa ajili yangu?"

Marehemu alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na mdogo wake akadhani amelala.

Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mke wake na binti yao wa mwisho walikuwa naye. Duka halijafunguliwa tangu siku hiyo. Kuna nguo za watu humo, na wenyewe tunawaomba wavute subira. Zote zinajulikana ni za nani.

Shati alilovaa marehemu leo amelipiga pasi binti yake. Kabla ya kumvika, mdogo wake aliomba alishike kidogo. Aligeuza kola akatazama ndani, akatazama tena kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na uzi. Akatazama na kola ya shati alilovaa yeye, ambalo shemeji yake alikuwa amelifua jana yake pamoja na nguo za nyumbani. Nalo halikuwa na uzi. Alilirudisha shati akaenda kukaa. Watu walimpa maji, akaishika glasi nzima bila kuyanywa, na watu wakamwuliza mambo ya magari na viti, akajibu vizuri yote.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu wa chekechea, ambaye waliishi pamoja miaka thelathini na tisa. Binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu. Mwanawe wa kiume, fundi wa malori. Na binti yake wa mwisho, dobi. Ameacha mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wajukuu watano ambao wote wanajua kukunja masweta. Ameacha mdogo wake mmoja, mpima ardhi mstaafu, pamoja na mke wake na watoto wao. Ameacha majirani wa nyuma ya mahakama, wateja wa nyuzi za rangi zote, na mashine moja ya kufulia iliyo mpya kabisa.

Aachie sasa. Upande wake tumeupokea sisi. Alale kwa amani.

Mdogo wake ameomba jambo moja liwekwe hapa mwishoni, baada ya wafiwa, kwa sababu anasema muda wote tumekuwa tukiisimulia ile siku ya shuka vibaya, na anataka kaka yake aende na hadithi iliyo yake.

Ile Jumatatu mchana, alipodhani kaka yake amelala, alisimama taratibu ili atoke. Mkono ukamshika pindo la koti. Mkono ule ulikuwa na ngozi ngumu kiganjani, kama siku zote. Akainama. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi aweke sikio karibu na mdomo.

"Sikutaka kwenda," marehemu alisema. "Pale uani palikuwa pananitosha. Na mjomba nilikuwa namwogopa. Nikakutoa wewe."

Mdogo wake alikuwa bado amesimama nusu, mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Nje kulikuwa na mtu anasukuma toroli lenye gurudumu bovu. Marehemu alivuta pumzi, akaisubiri nyingine ije, kisha akauliza swali ambalo, kumbe, naye alikuwa amelishika tangu gari lile lilipokata kona.

"Ulilia sana, kule?"